Mnunuzi wa pili hana kiti barazani

Mwishoni mwa miaka ya 1960, baraza la mji wa Mount Laurel, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, liliziruhusu kampuni za ujenzi kujenga maghorofa ya makazi mjini humo. Kibali kilikuja na masharti. Nyumba nyingi ziwe na chumba kimoja tu cha kulala. Na iwapo wanafunzi wanaotoka kwenye maghorofa hayo watazidi wastani wa watoto 3 kwa kila nyumba 10, mjenzi ndiye atakayelipa gharama za shule za kila mtoto aliyezidi.

Mjenzi aliyesoma sharti hilo alielewa upesi ni familia za aina gani asizikaribishe. Huko Marekani shule za umma hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo inayotozwa na miji yenyewe. Familia yenye kipato kidogo na watoto wengi huongeza wanafunzi darasani zaidi ya inavyoongeza fedha katika hazina ya mji, na madiwani walikuwa wameshapiga hesabu hiyo. Hakuna mahali walipoandika kwamba maskini hawatakiwi. Waliandika idadi ya vyumba.

Ramani ya mji ilisema yayo hayo kwa lugha ya vipimo. Mount Laurel ina ukubwa wa kilomita za mraba 57 hivi, na wakati huo sehemu kubwa ilikuwa bado mashamba na ardhi tupu. Zaidi ya ekari 4,000 zilitengewa viwanda, ingawa viwanda vilivyokuwepo vilitumia ekari 100 tu. Katika maeneo ya makazi ya kawaida iliruhusiwa nyumba moja inayojitegemea katika kila kiwanja, na kiwanja hicho kiwe na upana na ukubwa usiopungua kiwango. Nyumba za kuungana ukuta hazikuruhusiwa, wala nyumba za magurudumu ambamo Wamarekani wengi wa kipato cha chini huishi. Idadi ya watu iliongezeka kutoka 2,817 mwaka 1950 hadi 11,221 mwaka 1970, na wageni karibu wote walikuwa watu wenye uwezo wa kununua nyumba ya namna hiyo.

Lakini mji huo ulikuwa na wenyeji wengine. Katika kitongoji cha Springville waliishi Wamarekani weusi ambao babu zao walikuwa hapo vizazi kadhaa kabla ya barabara kuu na maduka makubwa kufika. Baadhi yao walikaa katika mabanda ya kuku yaliyogeuzwa kuwa nyumba. Mabanda yalipoanza kufungwa na wakaguzi wa afya, wenyeji waliunda chama na kuomba ruhusa ya kujenga nyumba 36 za kupangisha. Siku moja ya Jumapili mwaka 1970, meya alifika katika kanisa lao kuwapa jibu la baraza. Waliokuwepo walisimulia kwamba aliwaambia kuwa wasioweza kumudu kuishi katika mji huo itawabidi waondoke.

Miongoni mwa waumini alikuwamo Ethel Lawrence, mama aliyefanya kazi ya kulea na kufundisha watoto wadogo. Mwaka 1971 yeye na wenzake, wakiungana na matawi ya chama cha kutetea haki za watu weusi cha NAACP na wakisaidiwa na mawakili wa msaada wa kisheria kutoka mji jirani wa Camden, waliushtaki mji wao.

Mwaka 1975 Mahakama Kuu kabisa ya New Jersey iliwapa ushindi, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Frederick Hall. Inafaa kuisoma polepole. Mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi, alisema Hall, si mali ya baraza la mji. Ni mamlaka ya jimbo ambayo mji umekabidhiwa, na katiba ya jimbo inataka itumike kwa ustawi wa watu wote. Kisha akauliza watu wote hao ni akina nani. Je, ni wale tu wanaoishi ndani ya mpaka wa mji, wanaopiga kura na kuhudhuria vikao? Jibu la mahakama lilikuwa hapana. Mji unaopokea viwanda, maduka na barabara za eneo zima hauwezi kuwafungia mlango wafanyakazi wa eneo hilohilo. Kila mji unaokua ulitakiwa kuruhusu sehemu yake ya haki ya nyumba ambazo watu wa kipato cha chini na cha kati wanaweza kuzimudu.

Hapo Jaji Hall aligusa kiini cha siasa ya nyumba popote duniani. Uamuzi wa nani ajenge nini, na wapi, hufanywa mbele ya watu ambao tayari wana makao. Mwenye nyumba huja kikaoni jioni, analalamikia msongamano wa magari, anasikilizwa, na uchaguzi ukifika diwani humkumbuka. Mtu ambaye angeishi kwenye jengo linalobishaniwa yuko mbali, labda hata hajajua kuna kikao, na hana kura mjini humo. Sheria ya matumizi ya ardhi ikiachwa mikononi mwa mji peke yake, asiyekuwepo atashindwa kila mara, hata kama kila diwani ni mwungwana.

Mount Laurel ilitii kwa njia yake. Ilitenga ekari 20, chini ya robo ya asilimia moja ya ardhi yote ya mji, katika vipande vitatu. Kimoja kilikuwa kimezungukwa na ardhi iliyotengewa viwanda; kingine kilikuwa na majimaji. Hakuna nyumba hata moja iliyojengwa. Kesi ikarudi mahakamani, na mwaka 1983 Jaji Mkuu Robert Wilentz akatoa hukumu kali zaidi. Sasa mjenzi aliyenyimwa kibali angeweza kuushtaki mji, na akishinda, mahakama ingemruhusu kujenga nyumba nyingi kuliko kanuni zilivyoruhusu, mradi sehemu kubwa ya kutosha, kwa kawaida moja katika tano, iwe ya watu wa kipato cha chini na cha kati. Maskini wa Springville walikuwa wamesubiri miaka 12. Wajenzi wenye mitaji waliposhika silaha hiyo, miji ilianza kuketi na kujadiliana.

Mwaka 1985 bunge la jimbo lilitunga sheria ya kulitoa suala hilo mahakamani. Miji tajiri ilipewa hata mwanya wa kulipa fedha kwa miji mingine ili ipokee hadi nusu ya wajibu wao. Mwanya huo ulifungwa mwaka 2008, na kwa maoni yangu haukupaswa kufunguliwa. Jambo lililojitokeza nyumba zilipoanza kujengwa na kuuzwa ndilo lililonifanya niandike makala haya, nalo ni bei ya mara ya pili.

Kufuli ya kwenye hati

Nyumba ya bei nafuu inayouzwa bila masharti hubaki ya bei nafuu kwa siku moja tu. Mnunuzi wa kwanza akiipata kwa dola 100,000 ilhali sokoni ina thamani ya dola 200,000, anaweza kuiuza mwezi unaofuata na kuondoka na tofauti yote. Ruzuku iliyotolewa na mji, au nafasi ya kujenga iliyotolewa na umma, inaishia mfukoni mwa mtu mmoja. Mwalimu au dereva anayetafuta nyumba mwaka ujao anakuta bei ileile iliyomshinda.

New Jersey ililijibu hilo kwa kuandika masharti ndani ya hati ya nyumba yenyewe. Kwa nyumba zinazouzwa, kanuni za jimbo zilikuja kuweka muda wa miaka 30 angalau. Katika muda huo mwenye nyumba lazima aishi humo mwenyewe. Akitaka kuuza, mnunuzi sharti awe na kipato kisichozidi kiwango: kwa nyumba za kipato cha kati, asilimia 80 ya kipato cha wastani katika eneo hilo; kwa za kipato cha chini, asilimia 50. Bei nayo ina kikomo, na kikomo hicho hupanda kwa kadiri vipato vya watu wa eneo vinavyopanda, si kwa kadiri soko linavyopanda.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amenunua kwa dola 100,000. Katika miaka 10 vipato vya eneo vimeongezeka kwa robo, na bei za soko zimeongezeka maradufu. Nyumba yake sasa inaweza kuuzwa kwa dola 125,000. Amepata sehemu ya mkopo aliyokwisha kuilipa na faida ya dola 25,000. Jirani yake wa mtaa wa pili, aliyenunua nyumba ya soko, amepata mara nyingi zaidi.

Kuna wanaoona hilo ni uonevu, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Kwa familia nyingi nyumba ndiyo akiba pekee. Huko Marekani watu weusi walizuiwa kwa miongo kununua nyumba katika mitaa ambayo thamani yake ilipanda, na sasa mlango ukifunguliwa wanaambiwa thamani isipande kwao. Lakini huyu mwenye nyumba hakulipa bei ya soko. Alipewa nafasi ambayo umma uliilipia, na akaijua kanuni kabla ya kutia saini. Katika miaka hiyo 10 amelipa malipo ya mkopo anayoweza kuyabeba badala ya kodi ya nyumba inayopanda kila mwaka, watoto wake wamesoma shule moja bila kuhamishwahamishwa, na kila mwezi kipande cha deni kimepungua. Hiyo ni mali, ingawa haimtajirishi ghafla. Na mtu anayekuja nyuma yake anapata nafasi ileile.

Kibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba masharti hayo hufikia mwisho. Miaka 30 inaonekana mirefu barazani siku ya kupitisha mradi. Kwa mtaa ni kizazi kimoja. Nyumba zilizojengwa New Jersey katika miaka ya 1980 zilipoanza kukaribia ukomo wa masharti, miji ilijikuta mbele ya hesabu ngumu. Katika mikataba mingi ya zamani kulikuwa na kanuni iliyoitwa kwa tarakimu zake, 95 kwa 5. Muda ukiisha na nyumba ikauzwa kwa bei ya soko, tofauti kati ya bei ya kikomo na bei ya soko ilikuwa igawanywe: asilimia 95 kwa mji, ziende kwenye mfuko wa nyumba, na asilimia 5 kwa muuzaji. Tofauti ikiwa dola 150,000, mji ulichukua 142,500 na muuzaji 7,500. Fedha za umma zilirudi kwa umma, na hilo ni jambo jema. Lakini nyumba yenyewe ilipotea, na kujenga nyingine mahali palepale kwa fedha hizo, katika ardhi iliyokwisha kupanda bei, si kazi ya siku moja.

Hapo masharti ya kuuza hukutana tena na ramani ya matumizi ya ardhi. Mji ulioruhusu nyumba chache za bei nafuu, kisha ukaziacha zitoke kwenye masharti, unaweza kuwa mbali zaidi na haki mwaka wa 31 kuliko ulivyokuwa mwaka wa kwanza, kwa sababu viwanja vilivyokuwa wazi vimekwisha. Ndiyo maana sheria mpya ya jimbo, iliyotiwa saini na Gavana Phil Murphy mnamo Machi 2024, inaweka muda wa angalau miaka 40 kwa nyumba mpya za kupangisha zilizo chini ya masharti, na inaipangia kila manispaa wajibu wake hadi mwaka 2035.

Ethel Lawrence alifariki mwaka 1994 bila kuona nyumba hata moja ya mtaa alioupigania. Mtaa uliopewa jina lake ulifunguliwa mwaka 2000 na sasa una nyumba 140, za kupangisha. Wakati wa kuujadili, wakazi walifurika vikaoni wakihofia uhalifu, kodi na kushuka kwa bei za nyumba zao. Mtaalamu wa sosiolojia Douglas Massey na wenzake waliuchunguza mtaa huo na wakachapisha kitabu mwaka 2013. Uhalifu haukuongezeka kwa sababu yake, kodi hazikupanda kwa sababu yake, na bei za nyumba za majirani hazikushuka kwa sababu yake. Watu waliohamia pale walipata kazi zaidi na utulivu zaidi kuliko wenzao walioomba nafasi wakakosa.

Voi ilikwisha kujaribu

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani haya ni mambo ya mbali. Lakini mapema katika miaka ya 1990, katika mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, nchini Kenya, wakazi walikabiliwa na swali lilelile na wakalijibu kwa ujasiri zaidi kuliko Mount Laurel.

Tanzania-Bondeni ulikuwa mtaa wa watu wasio na hati, katika ardhi ambayo sehemu yake ilihusishwa na reli na sehemu na shamba la mkonge. Serikali ya Kenya, baraza la manispaa ya Voi na shirika la maendeleo la Ujerumani, GTZ, walikuja na mpango wa kuuboresha na kuwapa wakazi haki ya ardhi. Wakazi walielezwa njia mbalimbali, ikiwemo ile ya kila mtu kupata hati yake. Wengi walihofu jambo walilokuwa wameliona mahali pengine: hati zikigawanywa, mnunuzi mwenye fedha hupita nyumba kwa nyumba, na mwaka mmoja baadaye mtaa ulioboreshwa ni wa watu wengine, huku wenyeji wakijenga vibanda upya pembeni ya mji.

Wakachagua ardhi iwe ya jamii nzima chini ya udhamini. Kila kaya ilimiliki jengo lake na kupewa haki ya kukaa katika kiwanja, lakini ardhi haikuuzwa. Anayehama angeweza kuuza jengo, na jumuiya ndiyo iliyokuwa na haki ya kwanza ya kulinunua, kwa thamani ya jengo na si ya ardhi. Mfano huo ulifanana na ule ulioanzishwa mwaka 1984 mjini Burlington, jimbo la Vermont, wakati Bernie Sanders akiwa meya, ambapo mji ulitoa dola 200,000 za kuanzia. Huko Burlington mwenye nyumba akiuza hupata robo ya ongezeko la thamani, na sehemu inayobaki hukaa ndani ya nyumba kwa faida ya mnunuzi anayefuata. Udhamini huo upo hadi leo na umekua, na hauna mwaka wa 31.

Voi iliponzwa na makaratasi. Sheria za Kenya za wakati huo hazikuwa na chombo kimoja cha kubeba umiliki wa namna hiyo, hivyo ikabidi kuunganisha chama kilichosajiliwa na hati ya udhamini, na kupita ofisi kadhaa ambazo hazikuwa zimewahi kuona kitu kama hicho. Miaka ilikatika wakazi wakisubiri nyaraka. Juu ya hayo, kanuni za ujenzi zilizorithiwa tangu ukoloni ziliendelea kudai vifaa ambavyo mkazi wa mtaa kama huo hakuweza kuvinunua, hadi marekebisho ya mwaka 1995 yalipofungua mlango kwa vifaa vya bei ya chini. Watu wa Tanzania-Bondeni walikuwa wamelitatua suala la bei ya pili, na serikali haikuwa na rafu ya kuliwekea faili lao.

Sasa Kenya inalirudia jambo hilo kwa kiwango kikubwa mno. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Anayenunua nyumba chini ya sheria hiyo hawezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Naunga mkono sharti hilo kwa moyo wote. Nyumba hizo zinajengwa kwa fedha za watu ambao wengi wao hawatapata nyumba hata moja, na haitakuwa haki mmoja wao azigeuze bidhaa ya dalali.

Ila idhini si bei. Mnunuzi wa New Jersey hujua siku ya kwanza jinsi bei yake ya kuuza itakavyokokotolewa, na anaweza kuipigia hesabu nyumbani kwake kwa kalamu. Mwenye nyumba anayesubiri barua ya idhini tu anabaki kutegemea ofisa, na mahali ambapo ofisa ana hiari isiyo na kipimo, soko la kificho huota: mikataba ya mdomo, funguo zinazobadilishana mikono, mpangaji anayetambulishwa kuwa binamu. Mkataba wa kila nyumba utaje kanuni ya kukokotoa bei, muda wa kuwekewa masharti, na haki ya Bodi au kaunti ya kuinunua kwanza. Kwa nyumba zilizo kwenye ardhi ya umma, nisingeweka ukomo wa muda kabisa.

Upande wa ramani ni mgumu zaidi. Katiba ya mwaka 2010 imeziachia kaunti kazi ya upangaji wa ardhi, na Sheria ya 2024 haikugusa kanuni za ukubwa wa viwanja. Miradi mikubwa ya Nairobi iko Mukuru, Shauri Moyo, Starehe, Ngara na Pangani. Katika Karen na Muthaiga viwanja vya nusu ekari na zaidi vimelindwa kwa kanuni za kaunti, katika mitaa ambayo serikali ya kikoloni iliitenga kwa ajili ya Wazungu. Mhudumu wa nyumbani, mlinzi na mtunza bustani wa Karen hutoka mbali kila alfajiri kwa matatu. Shauri linalofanana na la Ethel Lawrence halihitaji kusafiri kutoka Marekani. Ibara ya 43 ya Katiba inataja haki ya makazi ya kutosha na yanayofikika, na kila kaunti inayoandaa mpango wake wa matumizi ya ardhi lazima iwashirikishe wananchi. Vikao hivyo hutangazwa magazetini. Wafanyakazi wa Karen wana haki ya kuingia ukumbini humo na kuomba nusu ekari moja igeuzwe nyumba ishirini, zenye masharti kwenye hati.